Jongoo wa Bamburi

Kwa muda mrefu nilidhani Bamburi ni aina ya simenti, vile Omo ni aina ya sabuni. Nilikuwa nimeacha chuo katikati ya mwaka wa tatu, karo imegoma, na kibarua cha kwanza nilichopata kilikuwa cha mjengo huku Pipeline. Ghorofa ya sita, ngazi hazina ukuta wa kushikilia, na fundi hakuwa na haja kabisa ya kujua kwamba nilikuwa nimesomea uinjinia. Mfuko mmoja ni kilo 50. Kabla ya kuutwika unausoma, kwa sababu macho lazima yaangalie kitu wakati mgongo unajiandaa: Nguvu, Bamburi. Siku moja nikamuuliza jamaa niliyekuwa nikibeba naye Bamburi ni nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji ni nini. Yeye alikuwa wa Kisauni. "Si ni kwetu, bana. Ni mahali."

Ni mahali, kweli. Na mahali hapo palichimbwa, pakasagwa, pakachomwa, pakatiwa kwenye mifuko, pakaletwa hadi Embakasi kwa lori, nikapabeba mimi hadi ghorofa ya sita. Hilo lilinikaa kichwani. Kama Pipeline yote imepanda juu hivi, basi kuna pahali pengine pameshuka chini.

Mashimo mimi nayajua. Kutoka kwetu ukishuka kuelekea Mukuru kwa Njenga unafika Kware. Neno lenyewe ni la Kiingereza, tulilichukua likatulia midomoni mwetu likawa jina la mtaa. Kamusi zina neno letu, timbo, lakini sijawahi kusikia mtu wa Nairobi akiambia makanga amshukishe timboni. Kware walichimba mawe, mawe yakaenda kujenga mji, shimo likabaki. Likaingia maji, kisha takataka. Halafu Julai 2024, wiki chache tu baada ya maandamano ya Juni, vijana wa mtaa wakavuta magunia kutoka mle ndani na ndani ya magunia mlikuwa na miili ya wanawake. Nilienda kusimama ukingoni kama kila mtu mwingine. Sitaeleza harufu.

Kwa hivyo mwaka jana shangazi yangu wa Kiembeni aliponiambia nikija Mombasa atanipeleka kutembea kwenye msitu ulio ndani ya kware, nilidhani ananichezea. Kware huwa na msitu aje?

*

Unashuka kwenye barabara ya Malindi, mkabala wa harufu ya bahari ambayo huioni, na kuna geti. Haller Park. Umati mkubwa huwa ni watoto wa shule waliovaa yunifomu na watalii wa kutoka bara waliokuja na bibi zao. Twiga wanalishwa kutoka kwenye jukwaa, viboko wanasubiri chakula chao, mamba wamelala kana kwamba wamelipwa kufanya hivyo. Haya yote ni mazuri, na kama una mpenzi mpeleke. Ila mimi sikuwa nimekuja kwa twiga. Nilikuwa natafuta shimo.

Ilinichukua kama nusu saa kuelewa kwamba nilikuwa ndani yake. Ukiacha njia ya watu na kuangalia pembeni, nyuma ya majani, unaona ukuta. Jiwe la rangi ya majivu, limetoboka toboka kama sponji, na mizizi imeshuka juu yake kama kamba za mtu aliyesahau kuzikunja. Huo ndio ukingo wa timbo. Chini unapokanyaga, sakafu ni tambarare mno, tambarare kuliko ardhi inavyokuwa yenyewe. Hakuna kilima wala bonde. Mashine ilipita hapa.

Ukikaribia ule ukuta utaona matumbawe. Siyo mfano wa matumbawe, ni yenyewe: mistari, vishimo, maumbo ya ubongo, na huku na kule ganda la chaza. Pwani ya Kenya, ukanda mrefu wa karibu na bahari, imekaa juu ya mwamba wa zamani, wa wakati ambapo bahari ilikuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Bahari ikarudi nyuma, mwamba ukabaki nchi kavu, ukaota msitu juu. Wapwani walijua thamani yake kitambo. Nyumba za Mji wa Kale, misikiti, Gede, Fort Jesus, zote zina jiwe hili. Matumbawe pia ni chokaa tupu, na ukitaka simenti, chokaa ndiyo unaanza nayo.

Kampuni ya Bamburi Portland Cement iliundwa mwaka 1951 na mtu aliyeitwa Felix Mandl, mkurugenzi wa Cementia, kampuni ya Uswisi. Mtambo ukaanza kazi 1954. Hebu fikiria 1954. Huku Nairobi, Aprili ya mwaka huo, Waingereza walizingira mji kwa ile Operesheni Anvil na kubeba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi kambini. Mwaka uliofuata makuli wa bandari ya Mombasa wakagoma, na kijana mmoja wa chama cha wafanyakazi, Tom Mboya, akaenda kuwasemea. Ukoloni ulikuwa unatikisika, na kwa ajabu ndipo ulipokuwa unajenga zaidi. Uhuru ulipokuja tukajenga zaidi yake: mashule, mahospitali, madaraja, hoteli za Nyali, na baadaye sana Pipeline. Kila kimoja kiliramba mwamba kidogo.

Kabla ya hapo palikuwa pa nani? Hilo ni swali ambalo Pwani huulizi kwa sauti ya juu mahali pasipo chai. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa Pwani: mwenye madai ya ardhi aje aandikishe. Walioandika wakapata karatasi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme. Wamijikenda wengi, waliolima na kuzika wazee wao hapo bila karatasi, wakaamka wakiwa maskwota. Kisauni nzima bado inakula matunda ya sheria ile. Naiweka hapa kwa sababu hadithi ya msitu huu husimuliwa kana kwamba ilianza na jangwa jeupe, na jangwa jeupe halikuwa mwanzo wa kitu chochote. Lilikuwa katikati.

*

Shangazi alijua mtu. Pwani kila shangazi anajua mtu. Jirani yake, mzee wa miaka themanini na kitu, aliwahi kufanya vibarua timboni ujanani. Tulimkuta barazani, redio imewekwa sikioni kama simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Nairobi? Keti. Viatu usivue, hapa nje."

Nikamwuliza pale palikuwaje kabla ya miti. Alifikiri kwa muda mrefu, nikadhani amerudi kwenye redio.

"Peupe," akasema. "Ukitazama adhuhuri, macho yanalia. Jua liko juu na jingine liko chini. Ndege hakuna. Utasikia mashine, na mashine ikinyamaza husikii kitu."

Nimesoma maelezo mengi ya mahali hapo yaliyoandikwa na wataalamu, yana maneno ya alikalini na chumvi na kadhalika, ila hakuna lililonieleza vile jua la chini lilivyonieleza. Maana ndivyo ilivyokuwa. Walichimba hadi karibu na maji, na maji yenyewe yana chumvi. Udongo wote wa juu ulikwenda. Kilichobaki ni sakafu ya jiwe linalorudisha joto usoni, bila kivuli, bila mchanga wa kushika mzizi. Ukitupa mbegu hapo unalisha kunguru, na hata kunguru, kwa habari ya mzee, hawakuja.

Mswisi René Haller alizaliwa 1933, akasomea kilimo, akaja Afrika Mashariki mwaka 1956, na 1959 akaajiriwa na kampuni hiyo kusimamia mashamba na bustani zake. Hakuwa bosi wa mtambo. Alikuwa mtu wa mboga na maua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akapewa ile sakafu nyeupe ajaribu kuotesha kitu. Hapo ndipo hadithi inaponoga, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizopona. Moja ilikuwa mnazi, ambao Mpwani yeyote angekuambia hauogopi chumvi. Ya pili ni mti wa kutoka upande wa Somalia unaoitwa damas. Ya tatu ni mvinje.

Mvinje unaujua hata kama hulijui jina. Ni ule mti wa ufukweni unaofanana na msonobari lakini si msonobari, unaovuma upepo ukipita kama mtu anayetaka kusema kitu. Nguzo zake ndizo zinazoshikilia slabu mbichi kwenye mijengo mingi ya Pwani, na wakulima wa Kilifi na Kwale wamesomesha watoto kwa kuziuza. Si mzaliwa wa hapa, asili yake ni huko Asia ya kusini mashariki na visiwa vya Pasifiki, lakini umekaa sana hadi umepewa jina, na Pwani ukishapewa jina umekuwa mwenyeji. Mvinje una siri mbili. Unavumilia chumvi, na mizizini mwake hukaa bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza chakula. Yaani mti unakuja na mbolea yake. Lakini pale timboni hata wale bakteria hawakuwepo, jiwe lilikuwa tupu kabisa, ikabidi waletwe kutoka kwenye mivinje mingine. Hebu pata picha: mtu anabeba vijidudu asivyoviona kuvipeleka kwenye jiwe.

Miti ikasimama. Ikakua haraka, ikaangusha majani. Na hapo shughuli ikakwama.

Majani ya mvinje ni kama sindano, yamejaa tanini, kile kitu kikali kinachopatikana kwenye majani ya chai. Wadudu wengi hawayataki. Yakaanguka, yakakauka, yakarundikana. Hayakuoza. Sasa una miti juu na jiwe chini na katikati godoro la sindano ambalo halitaki kuwa udongo. Bila udongo hakuna mti wa pili. Ungebaki na shamba la mivinje, na shamba la mivinje si msitu. Miti ikizeeka unarudi kwenye jiwe lako.

Aliyetatua hilo ni jongoo.

Kuna jongoo mweusi wa Pwani, mnene kama kidole, miguu myekundu. Mvua ikinyesha anapanda kuta za vyoo, na sisi wa bara tukija likizo tunapiga kelele. Huyo ndiye aliyeonekana akitafuna zile sindano bila shida. Wakaanza kumkusanya kwa wingi na kumwachia timboni. Jongoo anakula jani kavu, linapita tumboni, linatoka likiwa laini, bakteria na kuvu wanalimalizia. Baada ya muda, chini ya mivinje kukawa na kitu cheusi kinachobaki mkononi ukikishika. Udongo. Juu ya udongo ule wakaanza kupanda miti ya asili ya Pwani, ndege wakaja na mbegu zao bila kuitwa, na mivinje ikaanza kukatwa kidogo kidogo ili kupisha wengine.

Wahenga wetu walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Na magazeti yetu ya udaku, ambayo pia ni wahenga kwa namna yake, yana msemo mwingine kuhusu jongoo na mtungi ambao wanaume hawapendi kusomewa. Kote huko jongoo ni kitu cha kutupwa au kuchekwa. Nilimwuliza mzee kama anakumbuka habari za jongoo.

Alicheka hadi akazima redio. "Tulisema mzungu amerogwa. Sisi tunamfagia mdudu atoke nyumbani, yeye anamtaka. Watoto walikuwa wakimwona jongoo njiani wanasema, mpelekeni kazini."

*

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa kasi na nitayapitia kwa kasi. Mabwawa yakachimbwa, wakafuga samaki aina ya tilapia. Wakaja mamba. Wakaja pofu na choroa, kwanza kama jaribio la ufugaji. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa geti. Mwaka 1987 Haller akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lile lenye ofisi zake Gigiri. Baadaye mahali pakapewa jina lake.

Halafu Desemba 2004 ikaja tsunami, na mtoto wa kiboko akaonekana peke yake baharini karibu na mdomo wa mto Sabaki, huko Malindi. Watu wakahangaika naye kwa nyavu mbele ya umati. Akaletwa Bamburi, akaachiliwa kwenye zizi, akakimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra, mzee wa miaka mia na kitu aliyeitwa Mzee. Kiboko akaitwa Owen kwa jina la mmoja wa waliomwokoa. Wakawa hawaachani. Paula Kahumbu, aliyekuwa akisimamia mahali hapo wakati ule, akashiriki kuandika kitabu juu yao, na dunia nzima ikalia. Mimi nilikionea kitabu hicho shule ya msingi, kimechanika jalada. Hakuna aliyetuambia kwamba wale wawili wanapendana ndani ya kware ya simenti.

Silaumu. Kiboko na kobe ni hadithi tamu kuliko kuoza kwa majani. Lakini nimekuwa nikijiuliza kwa nini kila nikisoma habari za Bamburi nakuta mtu mmoja tu kwenye picha. Haller alifanya kitu kikubwa, hilo sibishani nalo, na mtu anayeng'ang'ana na jiwe kwa miaka anastahili geti lenye jina lake. Ila miche haikutembea. Kuna mikono iliyotoboa mwamba, mche baada ya mche, ikamwagilia, ikahesabu iliyokufa, ikarudia. Kuna mtu fulani aliyeamka siku nzima yake akaimaliza akiokota jongoo. Nimetafuta majina yao, sijayaona yakisimuliwa. Kama babu yako alikuwa mmoja wao, wewe una historia kuliko mimi.

Nilimwuliza mzee kama alipanda miti. "Nilibeba maji," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, kama mtu anayesahihisha hesabu: "Na mashimo nilichimba."

Kuchimba mashimo ndani ya shimo. Niliandika hilo kwenye simu.

*

Kuna jambo linalonisumbua na siwezi kuliruka. Ili kupata simenti unachukua chokaa, unaichanganya na udongo wa mfinyanzi, unaichoma kwenye tanuri hadi joto la kama nyuzi 1,450. Chokaa ikiungua inatoa hewa ya kaboni, siyo kutokana na moto peke yake, bali kutoka ndani ya jiwe lenyewe. Ile kaboni waliyoifunga matumbawe zaidi ya miaka laki moja iliyopita inaachiliwa kwa dakika. Ulimwenguni kote simenti inachangia karibu asilimia 8 ya kaboni tunayotoa. Hapo Bamburi mtambo na msitu ni majirani, mwenye mmoja ndiye mwenye mwingine, na hakuna idadi ya mivinje itakayokula moshi wote wa tanuri. Msitu haufuti deni hilo. Ulichofanya ni kujibu swali moja dogo zaidi, la shimo, na umelijibu vizuri kuliko karibu mtu yeyote niliyesoma habari zake.

Si kwamba wazo lilikuwa geni. Kanada, karibu na mji wa Victoria, kuna bustani maarufu za Butchart, zilizoanzishwa mwanzoni mwa karne iliyopita ndani ya timbo la chokaa la kiwanda cha simenti cha familia hiyo. Mke wa mwenye kiwanda ndiye aliyeanza kupanda maua. Cornwall, Uingereza, shimo la kuchimba udongo wa kauri lilifunguliwa 2001 kama Eden Project, yale mahema makubwa ya plastiki. Lakini angalia vizuri. Butchart ni mwenye shimo. Bamburi ni mwenye shimo. Alikuwepo mtu mwenye hati, mwenye pesa, na mwenye sababu ya kukaa pale miaka hamsini. Wenzetu wa Kware hatuna hata mmoja kati ya hao. Mwenye mawe alichukua mawe akaenda. Tulipewa shimo lakini si ardhi.

Hapa ndipo nilipoacha kufikiri kwamba Bamburi ni hadithi ya uvumilivu wa maumbile. Watu hupenda kusema hivyo: ardhi hujiponya, ipe muda. Kware imepewa muda. Kule Juja na kwingineko kunakochimbwa mawe ya Ndarugo, mashimo yamepewa muda, na msimu wa mvua ukija watoto wanaogelea humo na wengine hawatoki. Ardhi ya Bamburi haikujiponya. Ilipigwa, ikabembelezwa, ikaletewa bakteria kwa mkono na wadudu kwa mkono, na mtu akalipwa mshahara kila mwezi kuhakikisha haifi. Ukikata ule mshahara sijui nini kingetokea.

Na swali hilo si la kinadharia. Desemba 2024 Amsons, kampuni ya Tanzania, ilinunua Bamburi Cement kwa shilingi 65 kwa kila hisa. Habari zote zilikuwa za mabilioni na masoko. Mwezi huo huo, kule Kwale, Base Titanium walifunga uchimbaji wa mchanga wa titani walioanza 2013, na kuacha ardhi ambayo familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kuipisha. Sheria yetu ya madini ya 2016 inamtaka mchimbaji arekebishe ardhi baada ya kuchimba. Vizuri. Timbo la Bamburi halikuwa na sheria hiyo likapata msitu. Kwale ina sheria, na mimi natamani nirudi huko baada ya miaka hamsini, mgongo ukiruhusu, nione kama kuna mtu alikuwa na subira ya kumtazama jongoo.

*

Siku ya mwisho nilikwenda upande wa Forest Trails, ambako hakuna twiga, kuna njia tu za kukimbilia na za baiskeli kati ya miti. Saa kumi na mbili asubuhi. Kina mama wa Bamburi wanatembea kwa vikundi wakizungumza habari za harusi, kijana mmoja amevaa jezi ya Arsenal anakimbia kama anafukuzwa. Huku Nairobi haiki ni safari: unalipa, unapiga picha, unapanda basi la watu usiowajua hadi Ngong au Karura. Hapa watu wanatembea tu, kama mtu anayezunguka nyuma ya nyumba yake.

Nilitoka njiani nikachuchumaa, nikafukua sindano za mvinje kwa kidole. Juu zimekauka, rangi ya kahawia. Chini yake zimevunjika, zimelowa. Chini zaidi, nyeusi. Niliendelea hadi kucha ikagonga jiwe. Haikuwa mbali. Udongo wote ule wa zaidi ya miaka hamsini, msitu mzima umesimama juu yake, na ni kiasi cha kufunika mkono wangu. Nilikaa nikautazama mkono, nikakumbuka mfuko wa kilo 50, nikajaribu kukadiria mifuko mingapi ilitoka mahali nilipochuchumaa. Uinjinia niliosoma ulitosha kuanza hesabu hiyo lakini si kuimaliza.

Jioni nilipita kumuaga mzee. Nilimwuliza mara ya mwisho kuingia mle ndani ilikuwa lini.

"Tangu niache kazi sijaingia. Miti naiona kutoka barabarani, matatu ikipita."

Nikamwambia mbona tusiende kesho asubuhi, shangazi atapata mtu wa gari, mimi nitasogeza safari yangu. Akasema magoti. Akasema jua. Kisha akaniuliza pale kwenye bwawa la kwanza, upande wa ukuta, kama bado pana mivinje miwili iliyopandwa karibu karibu kwa makosa.

Sikuwa nimeangalia. Nilimwambia ukweli. Akaniambia basi nikija tena niangalie, akawasha redio.